Chuo kimefungwa na nyumbani hakuendeki: Utalala wapi hadi Septemba?

Karatasi ya mwisho ya mtihani ikiisha, komredi, hesabu yako inabadilika kutoka alama hadi masaa. Notisi imeshabandikwa mlangoni pa hosteli: rudisha ufunguo, safisha chumba, toka kabla ya kesho saa sita. Wenzako wanateremsha masanduku kwa ngazi wakipiga kelele. Wengine wazazi wamekuja na gari. Wewe umekaa kitandani ukipiga hesabu ya nauli ya kwenda Lodwar, Mandera au hata Mwingi tu, na hesabu inakataa. Ama nauli unayo, lakini huko unakotarajiwa kwenda hakuna mtu anayekungoja.

Hili tatizo halisikiki sana kwa sababu mwenye nalo hasemi. Ukiulizwa unaenda ocha lini, unajibu "wiki ijayo" na stori inabadilishwa. Wiki ijayo ikifika uko kwa sakafu ya rafiki, wiki ya pili kwa sakafu ya rafiki wa rafiki, na kufikia Juni umeanza kukubali vitu ambavyo Aprili ungevicheka.

Kama huyo ni wewe, ama ni roommate wako ambaye hujawahi kumwona akipanda basi la kwenda kwao, soma hadi mwisho.

Kwanza, sio uvivu wa kusafiri

Kuna yule aliyelelewa katika makao ya watoto. Akifika miaka kumi na minane anahesabiwa mtu mzima, kitanda chake kinapewa mtoto mwingine, na hosteli ya chuo ndiyo anwani pekee aliyo nayo duniani. Chuo kikifungwa, hana pa kurudi.

Kuna anayesomea hapa kutoka Kakuma au Dadaab kwa ufadhili kama ule wa DAFI unaosimamiwa na UNHCR. Kwake "nyumbani" ni kambini, na safari inataka pesa na kibali. Kuna wa Baringo na Kerio Valley ambaye mama yake mwenyewe anapiga simu kumwambia asije, kwa sababu majangili walipita juzi. Kuna msichana anayejua kwamba akirudi likizo hii kuna mahari imeshajadiliwa, ama kuna kisu kinamngoja, hata kama sheria ya kupiga marufuku ukeketaji iko tangu 2011.

Halafu kuna wewe wa hapa hapa Nairobi, ambaye watu hudhani huna shida. Kwenu ni chumba kimoja Mathare, pazia katikati, watu sita. Ulipokuwa darasa la nane mlitoshea. Sasa una miaka ishirini na moja, dada yako ana mtoto, na ukirudi mtu mmoja lazima alale kwa jirani.

Likizo yenyewe nayo si fupi. Vyuo vingi vya umma hufunga mwaka kati ya Aprili na Mei na kufungua Agosti mwisho au Septemba. Hiyo ni miezi minne. Pesa za HELB hutolewa kwa kufuata mwaka wa masomo, semesta kwa semesta. HELB haijui kuna mwezi unaitwa Julai.

Tulionyeshwa ukubwa wa hili jambo Machi 2020. Tarehe 15, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shule zifungwe kwa sababu ya korona, na vyuo vikuu vikapewa hadi Ijumaa tarehe 20 viwe vimefungwa. Siku tano. Lakini hata bila korona, kila mara wanafunzi wakigoma na chuo kikafungwa kwa muda usiojulikana, muda wa kuondoka huwa ni masaa. Kwa hivyo hata kama una kwenu, ni vizuri ujue utalala wapi usiku mmoja wa ghafla.

Anza na chuo chenyewe

Wengi wetu huruka hapa moja kwa moja tukidhani jibu ni "hapana". Baadhi ya vyuo huacha bweni moja au sehemu ya bweni wazi wakati wa likizo kwa wanafunzi wa kigeni, wakimbizi, wanaofanya atachmenti karibu na chuo na wale wasio na pa kwenda. Halitangazwi kwa sauti, kwa sababu likitangazwa kila mtu atataka kubaki mjini.

Usingoje wiki ya mwisho. Mwezi mmoja kabla ya mitihani, andika barua kwa mkuu wa wanafunzi na upeleke nakala kwa msimamizi wa hosteli. Iwe ukurasa mmoja: jina, nambari ya usajili, tarehe unazoomba kukaa na sababu kwa sentensi tatu. Ambatanisha ushahidi: barua ya chifu, ya makao uliyolelewa, ya mfadhili au ya kampuni iliyokupa atachmenti. Hiyo karatasi ndiyo inamwezesha afisa kusema ndiyo bila kuogopa kuulizwa na mkubwa wake.

Peleka mwenyewe, usitume na mtu. Omba nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Siku kumi zikipita kimya, rudi. Afisi haisahau mtu anayerudi.

Ukikubaliwa, uliza mapema: malipo ni kwa siku au kwa mwezi? Maji na stima vitakuwepo? Askari wa usiku atakuwepo? Mkahawa wa chuo ukifungwa, unaruhusiwa kupika? Kuna komredi wamepewa chumba cha likizo halafu wakagundua chakula kiko kilomita mbili na kinauzwa bei ya watalii.

Uliza pia kuhusu kazi. Vyuo kadhaa vina mpango wa kuwapa wanafunzi wahitaji kazi za maktaba, jikoni au afisini. Ukiwa ndani ya huo mpango, ombi lako la kubaki linakuwa na miguu.

Ukiwa na keja ya nje, piga hesabu kabla ya kuihama

Wale wa Juja, Kahawa Wendani, Njokerio, Ndagani, Lurambi na Rongai mnajua hii. Mitihani ikiisha, unahama ili usilipe kodi ya miezi minne. Septemba unarudi, vyumba vizuri vimeisha, unalipa dipoziti upya na unaangukia kile cha ghorofa ya tano kisicho na maji.

Tuchukulie chumba chako ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Mei hadi Agosti ni 20,000. Usilipe hivyo, na usihame pia. Nenda kwa landilodi, sio kwa msimamizi wa ploti, na umwombe nusu kodi kwa miezi yote minne. Landilodi wa karibu na chuo anajua vizuri kwamba Juni ploti yake itakuwa na paka tu. Elfu kumi ya uhakika inamfaa kuliko chumba kitupu. Wengine hukataa, wengine hukubali miezi miwili. Hakuna kosa kuuliza, lakini mkikubaliana, iandikwe. Hata ujumbe wa WhatsApp wenye jina lake na kiasi unatosha kuliko neno la mdomo pale getini.

Kama huna hata hiyo elfu kumi, ungana na wengine. Kati ya marafiki wako wanne wenye vyumba, pengine wawili tu ndio wanabaki. Wanaobaki wakae chumba kimoja, na vitu vya wote wanne viwekwe kile kingine. Kodi ya vyumba viwili ikigawanywa mara nne inakuwa pesa ya kuongea.

Badilishaneni vyumba

Hii ndiyo njia ninayoona tunaiacha bure kabisa. Mei hadi Agosti ndiyo msimu wa atachmenti. Kuna mwanafunzi wa Maseno amepata nafasi Nairobi na anatafuta chumba cha miezi mitatu. Wakati huo huo kuna wa Juja amepata nafasi Kisumu. Kila mmoja ana chumba kitupu mahali ambapo mwenzake anateseka kutafuta.

Kwa hivyo tangaza mapema kwenye makundi ya darasa, ya watu wa kaunti yenu na ya kanisa: "Niko na bedsita Juja, nahitaji pa kulala Kisumu Mei hadi Julai." Ama mwachie mtu wa atachmenti chumba chako alipe kodi, nawe uende unakojua utalala bure.

Masharti ni haya. Landilodi ajue na akubali, kwa sababu jina kwenye risiti ni lako, na uharibifu utakuwa wako pia. Ona kitambulisho cha huyo mtu na barua yake ya atachmenti. Kodi aitume moja kwa moja kwa landilodi, isipitie kwako. Piga picha chumba chote siku anaingia, pamoja na mita ya stima. Na mtu usiyemjua kabisa, ambaye hakuna rafiki yenu hata mmoja anayemjua, mwambie pole.

Desemba, nyumba za watu ni zako

Likizo ya Desemba ni fupi na ni rahisi kuliko ya Mei, kama una sifa nzuri. Nairobi huanza kumwaga watu kuelekea mashambani kutoka katikati ya mwezi. Wanaoondoka wanaacha mbwa, kuku, mimea na televisheni, na wezi wanajua hivyo. Familia nyingi zingefurahi kumpata kijana wa kuaminika alale hapo wiki tatu, alishe mbwa na kuwasha taa jioni.

Hiyo kazi haitangazwi. Inapatikana kwa mdomo: mwalimu wako wa Sunday school, mhadhiri, mama unayemnunulia mboga kila jioni, mzazi wa rafiki. Waambie Novemba mwanzo. Ukiingia, kubalianeni nani analipa tokeni za stima, chakula cha mbwa, na kama wageni wanaruhusiwa. Jibu la hilo la mwisho, hata kama hawajasema, ni hapana.

Kwa jamaa na kwa marafiki

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wahenga hawakuwa wachoyo. Walikuwa wanakufundisha jinsi ya kukaa kwa mtu bila kufukuzwa.

Mimi chuo niliacha kabla ya kumaliza, kwa hivyo likizo yangu haikuwa na tarehe ya kufungua. Nimelala kwa makochi ya kutosha kujua kwamba kinachomchosha mwenyeji sio chakula unachokula, ni kutojua utaondoka lini. Sema tarehe kabla hujaingia: "Shangazi, naomba nikae hadi tarehe 14 Juni." Mtu akijua mwisho, anavumilia katikati. Tarehe ikifika, ondoka, hata kama ni kwenda mahali kwingine siku nne halafu uombe tena.

Ingia na kitu. Pakiti mbili za unga, sukari, tokeni ya shilingi mia mbili. Amka kabla ya mwenye kochi, kunja blanketi, usiwe kitu cha kurukwa watoto wakienda shule. Kama mjomba ana duka au mama mkubwa ana kibanda cha chapo, simama hapo masaa mawili bila kuombwa.

Lakini jembe lina mipaka. Dada, kuna nyumba utakaribishwa ukadhani ni mapenzi, kumbe walikuwa wanatafuta yaya wa bure wa miezi minne. Unafua, unapika, unalea, unalala saa sita usiku, na atachmenti uliyokuja kutafuta hujaigusa. Na kuna nyumba ambayo mwanamume wake anakuja sebuleni saa nane usiku kutafuta maji ambayo yako jikoni. Huyo usimngoje mara ya pili. Mwambie mtu siku hiyo hiyo na uondoke. Nambari 1195 ni ya bure na inapokea simu za dhuluma za kijinsia mchana na usiku.

Kanisa, msikiti na vitanda vya kulipia

Kasisi wa wanafunzi, viongozi wa CU na wa chama cha wanafunzi Waislamu huwa wanajua familia zilizo na chumba cha ziada. Nenda ukiwa na ombi linaloeleweka: tarehe, sababu na unachoweza kuchangia. Usiende kama mtu anayeomba huruma ya jumla. Kwa waliolelewa makaoni, kuna pia Kenya Society of Care Leavers, KESCA, chama cha watu waliopitia njia hiyo hiyo. Hutaanza kwa kueleza maisha yako yote upya.

Ukihitaji usiku chache tu kati ya kutoka hapa na kuingia pale, Nairobi kuna YMCA barabara ya State House na pia South C, na YWCA iko Mamlaka Road, zote mahali panapojulikana na salama kuliko loji ya River Road. Sio bure. Piga simu uulize bei ya wanafunzi na bei ya kitanda cha chumba cha pamoja kabla hujabeba begi.

Ile ya kuhamia kwa mpenzi

Tuongee wazi. Wengi wanaomaliza tatizo hili huwa "wanaenda kukaa kwa chali" ama kwa dem, likizo tu. Siko hapa kukuhubiria. Niko hapa kukuuliza swali moja: mkikosana Jumanne usiku, utalala wapi?

Kama huna jibu, basi hujapata makao. Umepata mtu ambaye anaweza kukuambia chochote na ukakubali, kwa sababu mlango ni wake. Ndivyo mtu anavyopata mimba ambayo hakuipanga, ndivyo anavyovumilia kofi la kwanza, na ndivyo Septemba inafika na harudi chuo. Yule mzee wa "nitakulipia bedsita, usijali" ni mlango huo huo, ila umepakwa rangi nzuri.

Ukiamua kukaa hapo, kaa ukiwa na nauli yako iliyofichwa isiyoguswa, kitambulisho na vyeti kwa rafiki mwingine, na watu wawili wanaojua ploti na nambari ya mlango.

Vitu vyako navyo vilale wapi?

Godoro, mtungi wa gesi, sufuria na ndoo ndivyo hufanya watu walipe kodi ya bure miezi minne. Usimwachie msimamizi wa ploti kienyeji tu. Andika orodha, mpige picha na vitu vyenyewe, mkubaliane malipo na mtie sahihi. Gesi uiache kwa mtu anayepika, akurudishie mtungi uliojaa Septemba. Yeye anapata mtungi, wewe unapata gesi. Vyeti, kitambulisho na laptopu haviachwi na mtu yeyote. Hivyo vinatembea na wewe.

Landilodi akikuzungusha

Ukihama na dipoziti haijarudi, usikubali hadithi ya rangi na misumari bila kuonyeshwa. Kama una risiti au ujumbe wa M-Pesa, Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai ya hadi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Mara nyingi barua moja tu ya kutaja hiyo mahakama huamsha simu iliyokuwa haishikwi.

Na kama una deni la kodi, bado hakuna ruhusa ya landilodi na vijana wake kubeba godoro lako. Sheria inataka atumie dalali mwenye leseni. Akikufungia nje na vitu vyako viko ndani, nenda kituo cha polisi uandikishe na uondoke na nambari ya OB. Hiyo nambari ndiyo ushahidi wako baadaye.

Kitu kimoja cha kudai

Kila kampeni za viongozi wa wanafunzi zikianza tunaahidiwa intaneti ya kasi na konsati. Mwaka huu waulize swali hili mbele ya watu: bweni gani litaachwa wazi Mei hadi Agosti, kwa bei gani, na fomu inapatikana wapi? Vyumba vipo. Vinakaa vitupu miezi minne huku mwenye nambari ya usajili ya chuo hicho hicho akilala kwa stoo ya saluni. Chuo hakihitaji kujenga kitu. Kinahitaji bweni moja, askari mmoja, maji na fomu ya ukurasa mmoja inayotangazwa sawa na ratiba ya mtihani.

Wewe uliye na kwenu, una kazi pia, na ni ndogo. Kabla hujafunga sanduku, muulize roommate wako likizo hii analala wapi. Akikwambia "wiki ijayo naenda ocha", muulize tena, mkiwa wawili. Labda mama yako ana godoro la ziada, na labda huyo mwenzako anajua kukama ng'ombe kuliko wewe.